Ua Jeusi la Mgeta na Kofia ya Marehemu

Wenzangu wa kubadilishana miche, tangu nirudi mmenishika kwa swali moja tu: umelipata? Nimelipata. Liko kwenye ndoo kuukuu ya rangi, kivulini, nyuma ya saluni yangu ya kusukia hapa Kihonda, na limeshika vizuri. Anayetaka tawi aje na kopo lake. Ila kila anayekuja ananikuta sina raha, na Mama Ritha amekwisha kuniuliza kama nililogwa huko mlimani. Basi nimekaa niandike yote kwa mkupuo mmoja, nisiwe narudia mdomoni kila siku. Nililifuata ua kwa mama mmoja mjane, na siku ambayo yeye alinihitaji mimi, mtani wake, nilimnyima utani. Hilo ndilo linaloniuma, mengine ni ya njiani.

Kwa msionijua vizuri, mimi ni Mnyamwezi. Baba alitoka Tabora kuja kufanya kazi reli, nikazaliwa hapa hapa Morogoro. Ugonjwa wangu mnaujua: koliasi, yale maua ambayo uzuri wake uko kwenye majani. Ninayo ya damu ya mzee, ya njano yenye ukingo wa kijani, yaliyokunjamana kama kitambaa kilichopigwa pasi vibaya, na mume wangu huwa anasema siku moja atakosa pa kuweka miguu. Lililonikosesha usingizi ni jeusi. Mama Ritha aliniambia liko Mgeta kwa shangazi yake, Mluguru, jeusi kabisa, lenye mshipa wa waridi katikati. Nikasema kabla ya kupanda huko nianzie bondeni, nizungukie Dumila na Turiani, nikusanye yaliyopo.

Morogoro hadi Dumila

Basi lilianza kukohoa tulipokaribia Magole. Kondakta alituambia ni vumbi tu kwenye mafuta, na kweli lilijikokota mpaka Dumila, halafu likazimika mbele ya vibanda vya vitunguu kana kwamba lenyewe ndilo lililotaka kununua. Dereva akaingia uvunguni. Sisi tukashuka, na wauzaji wakatuvamia na ndoo za nyanya.

Nikaona nisipoteze muda. Nikamwuliza kaka mmoja aliyekuwa amepanga mahindi, "Hapa kuna mtu ana majani ya rangi?"

"Yapo mama. Mekundu, zambarau, kijani, yote. Nifuate."

Nikamfuata mbio. Tulipita nyuma ya vibanda, tukaruka mtaro, tukapita kwa fundi baiskeli, na yule kaka anaita watu njiani kwamba ameleta mteja. Mwisho tukafika kwa mama mmoja aliyekaa juu ya gunia, amezungukwa na matita ya ukindu uliotiwa rangi, ule wa kusukia mikeka. Majani ya rangi kweli.

Yule mama, Mama Hadija, alinionyesha tita moja baada ya jingine, na mimi naona haya kumwambia. Nilipomwonyesha picha kwenye simu alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe unataka yanayoota! Mimi yangu yalikwisha kufa zamani, nimeyachemsha."

Basi la watu halikutengenezeka hadi mchana, kwa hiyo nilikaa kwake. Alinigawia wali na maharage kwenye mfuniko wa sufuria, maana sahani ilikuwa moja, akanikatia tango na kulipaka chumvi na pilipili. Aliniuliza watoto, akaniuliza mume, akaniuliza kwa nini mtu mzima anapanda gari kufuata kitu ambacho mbuzi anakila bila hodi. Kabla sijaondoka akaniambia Turiani kuna nyumba karibu na njia ya kiwandani, ua wote umejaa maua ya namna ile, kwa Mluguru mmoja, ukiuliza utaonyeshwa. Kwa ukarimu huo niliondoka Dumila nikiwa na furaha, na ndiyo furaha ya mwisho katika safari hii.

Dumila hadi Turiani

Gari la Turiani lilikwama nyuma ya lori la miwa lililomwaga nusu ya mzigo barabarani. Abiria waliteremka wakachukua miwa, wakarudi ndani, na safari nzima iliyobaki ikawa ni kutafuna na kutema madirishani. Mimi pia nilitafuna, sitajifanya.

Mwendesha bodaboda alinifikisha moja kwa moja. "Kwa Mluguru ndiyo hapo," akasema, akageuza pikipiki.

Sasa nyie mnaujua utani wetu na Waluguru. Tangu enzi za wazee wetu wapagazi waliopita huku na mizigo kichwani wakielekea pwani, Mnyamwezi na Mluguru hawaombani kitu. Mtani akikuta kuku wako anamkamata, wewe unamtukana, mnacheka, yamekwisha. Ukimwomba kwa heshima ndiyo unamtukana kweli. Babu yangu alikuwa bingwa. Nilikuwa naye nikiwa mdogo kwenye msiba mmoja, akajilaza juu ya jeneza na kukataa lisitoke mpaka wamletee ubwabwa, na wafiwa wakacheka huku wanalia.

Basi niliingia kwenye ule ua na kichwa kimejaa babu. Mama mmoja alikuwa amenipa mgongo anasugua masufuria. Pembeni ya mlango kulikuwa na koliasi sijawahi kuiona, ya manjano imenyunyiziwa madoa mekundu. Nikapiga hodi, na kabla hajageuka nikasema kwa sauti, "Nyie Waluguru, mlishuka lini mlimani mkajua kupanda maua? Leo nimekuja kuchukua haki yangu!" Nikalivunja tawi, tena lile refu la katikati.

Akageuka. "Wewe mama, umekata nini?"

"Nimekata cha kwangu, mtani. Lia tu."

"Mtani wa nani? Mimi Mnyakyusa wa Kyela. Mluguru ni mume wangu, na yuko kazini."

Ningeomba radhi pale pale, lakini nilikuwa bado nacheka, si mnajua kicheko kinavyochelewa kujua. Majirani walitokeza. Yule mama hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alisema, "Hilo alilipanda binti yangu mara ya mwisho alipokuja likizo. Nalimwagilia maji ya kuoshea mchele kila siku. Wewe unalivunja unacheka."

Nikaomba radhi kwa kila lugha ninayoijua. Nikamrudishia tawi. Akanisukumia mkono. "Nenda nalo. Limeshavunjika, nilifanyie nini?" Mmoja wa majirani akasema polepole kwamba siku hizi kuna wezi hata wa maua, na mwingine akamjibu wa mjini hao.

Nilitoka pale nimeinama. Kwenye gari la kurudi nilijiapiza: utani basi. Ni mambo ya wazee, dunia imechanganyika, huwezi kujua nani ni nani. Kuanzia leo ni shikamoo, samahani, tafadhali, asante. Niliona nimekuwa na busara.

Kupanda Mgeta

Nilirudi mjini nikalala, nikaweka tawi lile kwenye glasi ya maji. Mama Ritha akanipigia kutoka Dar, alikokwenda kumwangalia mjukuu aliyezaliwa. "Nenda Jumamosi hii hii," akasema. "Kuna shughuli kwa shangazi Zainabu, utakula vizuri. Nimeshamwambia mtani anakuja." Mtoto alikuwa analia upande wake, simu ikakatika.

Shughuli. Mimi msusi, Jumamosi zangu zote ni vichwa vya maharusi, na neno shughuli kwangu lina maana moja. Nikavaa gauni la njano lenye kumetameta, nikajibana nywele za juu, nikapaka wanja, nikachukua na khanga mpya ya kumtunza bibi harusi. Hivyo ndivyo nilivyopanda gari la Mgeta.

Mnaoijua njia ile mnajua. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo, tukashushwa mara kwa mara, wanaume wakapanga mawe chini ya matairi, sisi wanawake tukatembea mbele na viatu mkononi. Gauni langu lilikusanya matope mpaka magotini. Akina mama walitupita wanateremka na mafurushi ya karoti na kabichi kichwani, wepesi, wanatusalimia bila kupunguza mwendo. Baridi ilianza, ile ya huko inayoingia kwenye mifupa. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami alinichotea njegere mbichi kutoka kwenye mfuko wake, tukawa tunamenya pamoja.

Baada ya muda akaniangalia vizuri. "Mwanangu, unaenda arobaini na gauni hilo?"

"Arobaini ya nani, baba?"

"Ya Mzee Shabani, mume wa Zainabu. Gari zima hili linaenda huko."

Nikaangalia nyuma. Kweli, wote walikuwa kwenye khanga na vilemba vya msiba, wananitazama kwa adabu. Nilijifunga ile khanga mpya juu ya gauni, nikafuta wanja kwa ncha yake. Ndani yangu nikasema, umeshaaibika Turiani, usiaibike na huku. Kaa kimya, toa pole, omba ua ukionekana wakati unafaa, ondoka.

Kwa Bibi Zainabu

Nyumba iko kwenye mteremko, ukisimama uani unaona paa la jirani chini ya miguu yako. Watu walikuwa wamejaa kwenye mikeka, ubani unafukizwa, masufuria ya pilau nyuma, na hakuna aliyekuwa akisema kwa sauti. Niliona hilo, kwamba palikuwa kimya mno. Na ukutani, pale maji ya jikoni yanapomwagwa, ndipo lilipokuwa ua lenyewe. Jeusi, wenzangu. Si zambarau iliyokolea. Jeusi, na mshipa wa waridi kama ulivyoelezwa.

Bibi Zainabu alikuwa mdogo wa mwili, amekaa kizingitini. Mama mmoja alimnong'oneza, naye akanyanyua kichwa, na uso wote ukabadilika. Nauona hadi leo. Alipaza sauti uani kote, "Haa! Mbeba mizigo umefika! Mbona umechelewa? Marehemu amekungoja umbebe mpaka amechoka, akaondoka kwa miguu!"

Watu waligeuka. Walikuwa wananiangalia wakiwa tayari kabisa, mmoja ameshaanza kutabasamu. Na mimi, mjukuu wa babu yangu, nikapiga magoti. "Shikamoo bibi. Pole sana kwa msiba. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema."

"Marahaba," akasema.

Hakukata tamaa. Aliniweka karibu naye, akaniletea uji wa moto, na akaanza tena. "Unaangalia ua langu wewe. Hatugawi hilo. Marehemu alisema litatoka hapa kwa kuibiwa tu."

"Basi bibi, nimeelewa," nikasema. "Sitaligusa."

Kisha akafanya jambo ambalo hata mtoto wa mtani angelielewa. Alileta kofia ya marehemu, kofia ya kufuma iliyokwisha kuchakaa, akaiweka juu ya kigoda ubavuni mwangu. Akasema wote wasikie, "Ichunge hii. Naingia ndani, na nyie Wanyamwezi nawajua kwa wizi." Akaingia, akakaa huko.

Nami nikaichunga. Jamani, niliichunga ile kofia. Upepo ulipotaka kuipeperusha niliiwekea mkono. Mtoto alipoisogelea nilimwambia ondoka mwanangu, ni ya babu. Nilikuwa natakiwa kuivaa. Nilikuwa natakiwa kuivaa upande, nitembee kama mzee, nidai pilau, niseme mimi ndiye Shabani nimerudi, mke wangu yuko wapi, na huyu mwanamke mzee ni nani. Niling'oe lile ua na mzizi wake, nikimbie nalo huku akina mama wakinifukuza na mwiko. Nilijua hayo yote, nimeyaona kwa macho yangu utotoni. Lakini nilikuwa namwona yule mama wa Turiani, na mkono wangu ulibaki juu ya kofia kwa heshima.

Bibi alipotoka aliangalia kofia, akaniangalia mimi. "Umeichunga kweli," akasema. Akaichukua, akaikung'uta, akaingia nayo ndani. Hakuniita mbeba mizigo tena.

Baada ya dua tulikula. Niliaga mapema, bila kuomba ua, nikijisifu kwamba angalau sikuharibu msiba wa watu.

Kwenye lori la kabichi

Magari ya abiria yalikuwa hayajageuka, dereva wa lori la kabichi akanipa nafasi mbele. Mama mwingine alipanda mbele hapo hapo baada yangu, ameshika sahani ya pilau imefunikwa. Hakunitambua, maana nilikuwa nimejitanda khanga kwa baridi mpaka puani.

Dereva akamwuliza, "Shughuli imekwendaje, shemeji?"

"Tumekula. Lakini msiba haukuchangamka. Wifi yangu Zainabu tangu mumewe afe hajalia wala hajacheka, amekaa tu vile. Watani wa hapa wote wamekwisha, yule Mnyamwezi wa mwisho tulimzika masika yaliyopita. Tukaambiwa anakuja mwingine kutoka mjini. Basi, wifi tangu juzi anajiandaa na matusi yake! Anayarudia jikoni peke yake. Anasema, 'Akija mtani ataanua tanga vizuri, nitacheka, nitalia, nitapumua.'"

"Akaja?"

"Amekuja. Amekaa kama afisa wa wilaya. Kapewa kofia ya marehemu, kailinda."

Dereva alicheka sana, akapiga usukani. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Masikini mama yule."

Nikajivuta khanga mpaka machoni. Sikuweza kusema ni mimi. Lori lilikuwa linateremka kona baada ya kona, na kila kona ilinipeleka mbali zaidi na uani pale. Nilivumilia mpaka nikashindwa, nikaomba kushushwa.

"Hapa hakuna kitu, mama," dereva akasema.

"Nimesahau kitu," nikamjibu.

Kurudi juu kwa miguu

Nilipanda kwa njia ya mkato aliyonielekeza mtu shambani, mteremko mtupu, nashika mizizi na magugu. Njia nzima nilikuwa natunga matusi. Nilikuwa nimepata mazuri. Ningesema Waluguru wanalima mlimani kwa sababu bondeni wanaogopa kukutana na wadai wao, na huko karibu na mbinguni wadai hawapo. Halikuwa na maana, lakini nadhani lingechekesha. Niliomba tu nikute watu bado wamekaa.

Sikuwakuta. Mikeka ilikuwa inakung'utwa. Masufuria yameoshwa, yameinamishwa. Nguo za marehemu zilikuwa zimekwisha kugawiwa ndugu, na nilipotafuta ile kofia kwa macho niliambiwa imechukuliwa na mdogo wake, ameshateremka nayo kijiji cha pili. Bibi Zainabu alikuwa kizingitini pale pale.

Nilijitahidi. Nikachukua mwiko uliokuwa juu ya sufuria, nikapaza sauti, "Nani amekula pilau la Wanyamwezi? Nimerudi kudai!" Sauti ilitoka imekatika. Mabinti wawili waliokuwa wanafagia wakaangaliana. Hakuna aliyecheka.

Bibi alinyanyuka taratibu, akanipokea mwiko mkononi, akaurudisha mahali pake. "Kaa upumzike, mgeni," akasema. "Umetembea."

"Bibi, mimi ni mtani wako."

"Niliambiwa anakuja mtani," akasema. "Tulimngoja sana." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayeeleza hali ya barabara.

Nikalia mimi. Yeye hakulia. Aliniletea maji ya kunawa, akaniwekea pilau lililobaki kwenye sahani nzuri, ya maua, ile ya kabatini, akakaa ananiangalia nikila na kunikaribisha kila ninaposimama. Nilitamani anitukane hata neno moja.

Kisha alichukua kisu, akaenda ukutani. Akachagua matawi mazuri, akayakata chini ya kifundo kama inavyotakiwa, akayafunga kwenye ganda bichi la mgomba lisinyauke njiani. Akaja nalo, akanipa kwa mikono miwili.

"Bibi, ulisema hatugawi."

"Mgeni hapewi mkono mtupu," akasema.

Magari yalikuwa yameanza kuita chini. Alijitanda khanga yake, akavua ndala akavaa viatu vya kutokea, na ingawa nilimkatalia kwa kuwa njia ilikuwa inateleza na yeye amechoka, alinisindikiza mpaka barabarani.